Kipimo cha damu cha Alzheimer: viko vingi, na havisemi kitu kimoja



Wiki kadhaa zilizopita dada yangu anayeishi Uingereza alinipigia simu usiku. Hata salamu hakumaliza. "Nimeona kwenye habari, siku hizi Alzheimer inapimwa kwa damu tu. Mpeleke mama akapimwe, hela natuma kesho." Nikamwambia sawa dada, ila nieleze kwanza unataka apimwe kipimo kipi. Akanyamaza kidogo. "Kwani viko vingapi?"

Swali hilo ndo limenikalisha hapa kuandika, maana najua siyo la dada peke yake. Nimepata barua pepe za wadau watatu wenye wazazi wazee, wote wanauliza "kile kipimo cha damu", kama vile kiko kimoja.

Wanaonifahamu wanajua nimekaa maabara miaka mingi. Siyo daktari wa ubongo, nisije nikalaumiwa. Ila kupima damu ni kazi yangu, na jambo hili linanigusa nyumbani. Bi Mkubwa wetu ana miaka 74. Mwaka jana alianza kuuliza jambo lile lile mara nne ndani ya saa moja. Sufuria mbili zimeungua. Kisha siku moja akapotea njia ya kutoka kanisani, njia aliyoipita zaidi ya miaka thelathini, akaletwa na kijana wa bodaboda. Kaka yetu anasema ni uzee. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu. Dada anasema Alzheimer. Na kwa vile mimi ndiye mtu wa maabara, wote wananitazama mimi.

Haya, tuanze na kile kinachotafutwa kwenye hiyo damu.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliufungua ubongo wa marehemu mama mmoja, Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu akiwa na miaka ya hamsini tu. Kwenye darubini aliona vitu viwili. Kulikuwa na madoa ya uchafu kati ya seli na seli, na ndani ya seli zenyewe kulikuwa na nyuzi zilizojisokota. Leo tunajua yale madoa ni protini inayoitwa amiloidi, na zile nyuzi ni protini inayoitwa tau. Ugonjwa wa Alzheimer ni hivyo viwili kwa pamoja. Kusahau peke yake siyo Alzheimer. Mtu anaweza kusahau kwa kiharusi, kwa tezi ya shingo, kwa kaswende ya zamani, kwa msongo wa moyo, kwa dawa anazokunywa. Shika hilo, tutalirudia.

Kwa miaka mingi sana uhakika ulipatikana mtu akishakufa. Baadaye zikaja njia mbili za kumpima aliye hai. Ya kwanza ni kuchoma sindano mgongoni na kutoa maji ya uti wa mgongo, halafu kupima protini hizo humo. Ya pili ni skani ya PET, ambapo mtu anachomwa dawa yenye mionzi inayoganda kwenye amiloidi na kuonekana kwenye picha. Skani hiyo matokeo yake ya kwanza kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2004. Hizi mbili ndizo mahakimu: kipimo chochote cha damu mnachokisikia kimepimwa ubora wake kwa kulinganishwa na mojawapo. Shida yake mnaijua. Sindano ya mgongo watu wanaiogopa, na PET huko Marekani ni maelfu ya dola.

Kwa nini damu ilichelewa? Ubongo una ukuta wake, hauachii vitu vipite kirahisi kwenda kwenye damu. Kinachovuja ni kidogo mno, kinahesabiwa kwa pikogramu, yaani gramu moja ukiigawa mara trilioni moja. Juu ya hapo amiloidi haitengenezwi kwenye ubongo tu, hata sehemu nyingine za mwili zinaitoa. Kwa hiyo unatafuta tone la ubongo ndani ya bahari ambayo nayo ina chumvi ile ile.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe. Nitavigawa kwa kitu kinachopimwa, maana majina ya biashara yanachanganya.

Kundi la kwanza ni la amiloidi. Hapa maabara inapima aina mbili za amiloidi, 42 na 40, kisha inagawanya moja kwa nyingine. Wazo lake ni zuri: amiloidi 42 ndiyo inayopenda kuganda kwenye madoa, kwa hiyo ikinaswa kwenye ubongo inayofika kwenye damu inapungua, na ile 40 inabaki kama ilivyo. Uwiano ukishuka, pana jambo.

Tatizo ni ukubwa wa kushuka huko. Kwenye maji ya uti wa mgongo uwiano huu hushuka kwa karibu nusu. Kwenye damu hushuka asilimia 8 hadi 15 hivi tu. Mwenye duka lenye mzani mbovu anaelewa ninachosema. Mzani unaokosea nusu kilo haukusumbui ukipima gunia la mahindi, ila usije ukapimia dhahabu. Mashine ikikosea asilimia 5 kwenye tofauti ya asilimia 10, utampa mtu mzima ugonjwa na mgonjwa utampa afya. Mwaka 2021 watafiti wa Sweden walichapisha ulinganisho wa vipimo 8 vya amiloidi kwenye damu ya watu wale wale. Kilichoongoza ni kile kilichotumia mashine ya kupima uzito wa molekuli moja moja. Vingi vinavyotumia kingamwili, ambavyo ndivyo rahisi kuvifunga kwenye maabara ya kawaida, vilibaki nyuma.

Na ni kipimo cha kundi hili kilichoanza kuuzwa mapema. Kampuni ya C2N ya St. Louis, Marekani, ilitoa chake mwaka 2020 kwa dola 1,250, kwa mashine hiyo ya uzito. Mwaka 2023 kampuni ya Quest nayo ikaanza kuuza cha amiloidi moja kwa moja kwa mtu yeyote, unaagiza mwenyewe kwenye intaneti. Wataalamu wa kumbukumbu walipiga kelele, na mimi niko upande wao. Kumuuzia mtu wa miaka 50 asiye na dalili yoyote kipimo chenye nafasi finyu namna hiyo ni kumuuzia usiku wa kukosa usingizi.

Kundi la pili ni la tau, na hapa ndipo mambo yalipobadilika.

Seli ya ubongo inapokutana na amiloidi, huanza kuibandika protini ya tau vipande vya fosfeti kwenye sehemu fulani fulani za mnyororo wake. Sehemu hizo zina namba, kama nyumba za mtaa. Nyumba namba 181, namba 217, namba 231. Tau iliyobandikwa fosfeti kwenye namba 217 inaitwa p-tau217, na ndiyo nyota wa sinema hii. Haishuki asilimia kumi, inapanda, na kwa wenye ugonjwa inapanda mara kadhaa ya kawaida. Ya namba 181 nayo hupanda lakini kwa uvivu zaidi. Hapo hata mzani wa wastani utaona.

Mwaka 2020 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa p-tau217 kwenye watu 1,402 kutoka Marekani, Sweden na Colombia. Walionigusa ni wale wa Colombia. Kule kwenye jimbo la Antioquia kuna ukoo mkubwa wenye jeni inayoleta Alzheimer mapema, watu wanaanza kusahau wakiwa na miaka ya arobaini. Daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, aliwafuatilia kwa miongo. Kwenye damu yao p-tau217 ilianza kutofautiana na ya ndugu zao wasio na jeni hiyo wakiwa na miaka kama 25. Yaani miaka 20 kabla ya dalili! Soma tena hiyo sentensi ukiwa na kijana wako mezani.

Sasa ulinganisho ambao dada alikuwa anautaka bila kujua. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa Marekani walichukua damu ya watu 392 wale wale, wakaigawa, wakaipitisha kwenye vipimo sita vinavyoongoza sokoni, na hakimu akawa skani ya PET. Vilikuwemo vya C2N, Fujirebio, ALZpath, Janssen, Roche na Quanterix. Matokeo kwa kifupi ni haya: vyenye p-tau217 vilishinda, visivyo nayo vilibaki nyuma. Aliyeongoza ni C2N, ambaye hapimi p-tau217 peke yake. Anapima pia tau ya namba hiyo hiyo isiyo na fosfeti, kisha anatoa asilimia: kati ya tau zote za namba 217, ngapi zimebandikwa. Na kuongeza viashiria vingine juu ya p-tau217 nzuri hakukusaidia sana. Kwa hiyo ukiona orodha ndefu ya vitu kumi kwenye karatasi ya majibu usidhani ndo ubora.

Huo uwiano msiuchukulie kijuujuu, nitaurudia nikifika kwenye figo za Bi Mkubwa.

Kundi la tatu nitalipitia haraka, ingawa watu wengi hupimwa hili bila kujua. Kuna NfL, ambayo ni vipande vya uti wa ndani wa nyaya za neva. Kuna GFAP, inayotoka kwenye seli zinazozihudumia neva. NfL ni kama kengele ya mwizi: inalia, lakini haisemi ni nani kaingia. Hupanda kwenye Alzheimer, kwenye kiharusi, kwenye ugonjwa wa neva za misuli unaoitwa ALS, ukipigwa kichwani, na hata kwa umri tu. Ina kazi yake, tena kubwa. Dawa ya tofersen ya aina mojawapo ya ALS ilipitishwa Marekani mwaka 2023 kwa sababu iliishusha NfL. Na GFAP pamoja na mwenzake UCH-L1 vilipitishwa mwaka 2018 kumsaidia daktari kuamua kama aliyegongwa kichwa anahitaji CT skani. Ila mtu akikuambia kampima mzee NfL, imepanda, kwa hiyo ni Alzheimer, huyo kakuambia kengele imelia, kwa hiyo mwizi ni Juma.

(Kwa wanaouliza Parkinson: huko protini inayotafutwa ni nyingine, alfa-sinuklini, na kipimo chake kilicho imara bado ni cha maji ya uti wa mgongo.)

Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu vipimo viwili, na tofauti yake inafundisha kuliko maneno yangu yote.

Mwezi wa tano iliruhusu cha Fujirebio kinachoitwa Lumipulse. Kinapima p-tau217 na kuigawa kwa amiloidi 42, kwa watu wa miaka 55 na kuendelea wenye dalili. Kwenye sampuli 499, waliopata jibu la ndiyo, asilimia 91.7 kweli walikuwa na amiloidi kwa PET au kwa maji ya mgongo. Waliopata hapana, asilimia 97.3 kweli hawakuwa nayo. Na kuna kundi la tatu ambalo matangazo hayalisemi: chini kidogo ya watu 20 katika kila 100 hawakupata ndiyo wala hapana. Jibu lao liliangukia katikati, wakahitaji kipimo kingine.

Mwezi wa kumi ikaruhusu cha Roche kinachopima p-tau181. Hiki kimeruhusiwa kwa daktari wa kawaida, siyo bingwa, na kazi yake ni kusema hapana. Kikisema hapana, ni kweli kwa asilimia 97.9. Kisiposema hapana, hakijasema ndiyo! Kimesema tu nenda mbele ukapimwe vizuri. Sasa fikiria familia imepewa karatasi ya hicho cha pili ikasoma kama ni cha kwanza. Wote wanaita kipimo cha damu cha Alzheimer.

Mwezi wa saba mwaka huo huo chama cha Alzheimer cha Marekani kilitoa mwongozo kwa mabingwa, nao unasema waziwazi kwamba vipimo vingi vilivyoko sokoni havifiki kiwango. Kiwango chenyewe: ili kipimo kichukue nafasi ya PET au sindano ya mgongo, kinatakiwa kiwanase wagonjwa 90 katika 100 na kiwaachie wazima 90 katika 100.

Hapo kuna mtego wa hesabu ambao hata wenzangu wa maabara huukanyaga. Chukua kalamu.

Tuseme tuna kipimo cha hiyo 90 kwa 90. Kipeleke kwenye kliniki ya kumbukumbu, watu 100 wenye dalili ambao daktari keshawachuja, na 60 kati yao kweli wana amiloidi. Kipimo kitawanasa 54. Kati ya wale 40 wasio nayo kitawasingizia 4. Jumla ya majibu ya ndiyo ni 58, na 54 ni ya kweli. Safi kabisa. Sasa kipimo hicho hicho, mashine hiyo hiyo, kipeleke kwa watu 100 wa miaka hamsini na kitu wasio na dalili, ambao tuseme 10 ndio wana amiloidi. Kitawanasa 9. Kati ya wale 90 kitawasingizia 9. Majibu ya ndiyo ni 18, nusu yake ni uongo. Mashine haijabadilika hata skrubu moja, aliyebadilika ni mtu aliyekaa kwenye kiti. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila mwenye miaka 50 apimwe "kwa usalama".

Upande wa pili wa sarafu, nisije nikaonekana napinga sayansi. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2024, wagonjwa 1,213 wenye matatizo ya kumbukumbu, ulionyesha kwamba madaktari wa vituo vya kawaida walipatia Alzheimer kwa asilimia 61 kwa kuongea na mgonjwa, maswali ya kumbukumbu na CT. Mabingwa walipatia asilimia 73. Damu ilipatia 91. Nambari kama hizo hazidharauliki. Mabingwa wa Ulaya wanakosea mgonjwa mmoja katika kila wanne, sembuse sisi.

Sasa turudi nyumbani kwa Bi Mkubwa.

Yeye ana kisukari na presha, miaka mingi. Kreatinini yake iko juu kidogo, figo hazichuji kama zamani. Hapa ndipo ule uwiano unapoingia. Figo zikichoka, p-tau kwenye damu hupanda hata kama ubongo ni mzima, kwa sababu haitolewi vizuri. Unene mkubwa nao huishusha, damu ikiwa nyingi protini inakuwa kama imeongezwa maji. Ukipima p-tau217 peke yake kwa mama wa aina hii unaweza kumpa Alzheimer ambayo ni ya figo. Ukipima kwa asilimia au uwiano, kosa hilo linapungua sana kwa sababu vyote viwili vinapanda pamoja. Kwa hiyo swali langu la "kipi" halikuwa la ujuaji. Kwa mama yetu ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Halafu kuna safari ya damu. Damu inatolewa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, inazungushwa kwenye mashine mapema ili kutenga plazma, inagandishwa. Amiloidi 42 ikikaa kwenye joto masaa kadhaa inaanza kupungua, yaani inaiga ugonjwa. P-tau ni vumilivu zaidi. Kwenye maabara moja niliyopita zamani niliikuta chupa dirishani, juani, tangu asubuhi, mtu akisubiri zijae kumi ndo azizungushe. Kwa kipimo cha malaria yangekuwa makosa, kwa amiloidi ni jibu la uongo kabisa lenye mhuri. Ukitaka kutuma sampuli nje ya nchi uliza kila hatua: nani anazungusha, saa ngapi, barafu kavu inatoka wapi, ndege ikichelewa nini kinafanyika.

Na jambo moja zaidi la kiufundi. Namba za mashine moja haziingiliani na za mashine nyingine. Viwanda havijafikia mzani mmoja wa p-tau217 kwenye damu. Mama akipimwa Dubai mwaka huu na London mwakani kwa mashine tofauti, namba ikipanda usilie, na ikishuka usishangilie. Hujalinganisha kitu.

Pia hizo tafiti nilizotaja watu wake wengi ni wazungu wa Marekani na Ulaya. Kinshasa daktari Jean Ikanga na wenzake wameanza kupima viashiria hivi kwenye damu ya wazee wa huko, na hiyo ndiyo kazi tunayoihitaji. Mipaka ya juu na chini iliyowekwa kwa watu wa Sweden huwezi kuihamishia Mwanza kwa kubadilisha lugha ya karatasi tu.

Wengine watasema kwetu magonjwa haya hayapo. Yapo. Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wazee wa miaka 70 na kuendelea walichunguzwa nyumba kwa nyumba, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Kutokana na kazi ya huko kikatengenezwa kipimo cha kumbukumbu kinachoitwa IDEA, kinachomfaa hata mzee ambaye hakusoma, na sehemu yake mojawapo hutumia njiti za kiberiti. Mama yetu amefanyiwa. Muuguzi alipanga njiti mezani, akazivuruga, akamwambia apange vile vile. Bi Mkubwa alizitazama muda mrefu, kisha akazirudisha kwenye kiberiti moja moja, akakifunga, akamkabidhi muuguzi. "Usipoteze, kiberiti siku hizi bei." Tulicheka wote. Mimi nilitoka nje kidogo.

Nilimwambia dada hivi. Hata tukipata jibu la ndiyo la uhakika, linafungua mlango gani? Huko kwenu linafungua mlango wa dawa mpya, lecanemab iliyopitishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Haziponyi. Lecanemab kwenye jaribio lake ilipunguza kasi ya kudidimia kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18, bei yake ilitangazwa dola 26,500 kwa mwaka, na mgonjwa anapigwa MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Mama mwenye presha kama yetu, katika mji wetu, nani atamfuatilia hivyo? Na hata amiloidi ikiwepo, wazee wengi wanayo na akili zao ziko timamu. Jibu la ndiyo halithibitishi kwamba amiloidi ndiyo iliyomsahaulisha njia ya kanisani.

Dada akajibu kitu ambacho sijakipatia jawabu. "Mimi siulizi dawa. Nataka kujua kama nije mwaka huu au naweza kungoja." Ana haki. Jina la ugonjwa lina kazi yake: nani akae na mama, hati za shamba zisainiwe lini, funguo za jiko zikae wapi.

Tukakubaliana p-tau217 isogezwe mbele, isitupwe. Kwanza vipimo ambavyo jibu lake lina tiba hapa hapa. Picha kamili ya damu, sukari, chumvi za damu na kalsiamu, figo, ini, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU. Usione aibu kwenye hivyo viwili vya mwisho, mzee naye alikuwa kijana. CT ya kichwa. Masikio, maana asiyesikia huonekana anasahau. Na mfuko wa dawa zake zote umwagwe mezani kwa daktari, hasa dawa za usingizi na zile za zamani za mafua na mzio zinazolevya.

Majibu yamerudi. Kaswende hapana, VVU hapana, tezi nzuri. CT imeonyesha makovu madogo ya viharusi vya zamani ambavyo hakuna aliyejua vilipita. Na B12 iko chini. Amekunywa metformin ya kisukari zaidi ya miaka kumi, na dawa hiyo ikitumika muda mrefu hushusha B12. Hakuna aliyewahi kumpima, mimi mtoto wake wa maabara nikiwemo. Ameanza sindano, presha inabanwa zaidi, na daktari ametaka kumwona baada ya miezi mitatu na kurudia zile njiti. Asipobadilika, ndipo tutaongea habari za kumchukulia damu ya p-tau217, na nitaidai ya uwiano.

Hela ya dada ilifika kama alivyoahidi. Imelipia CT na sindano. Jana Bi Mkubwa ameuliza mara mbili tu kama maziwa yameletwa. Nimezihesabu, ila siku moja siyo kipimo.

Kuna mdau yeyote aliyempima mzazi wake huko ughaibuni? Andika hapo chini kilikuwa kipimo gani, na kama mlipewa namba au mliambiwa tu ndiyo au hapana.